Mkono Mwingine Kwenye Sweta

Kliniki ile ya meno ilikuwa na madaktari wawili, lakini aliyejulikana kuliko wote wawili ni mpokezi. Wagonjwa walimwita Bi Miadi, kwa sababu bila yeye humwoni daktari hata jino likupande mpaka utosini. Alikaa nyuma ya dirisha la kioo na daftari lake kubwa tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa mchana. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hiyo alikuwa amejifunza kwamba watu humdanganya mpokezi kabla hawajamdanganya daktari. Anayesema jino limemuuma tangu jana, limemuuma mwezi mzima. Anayeapa kwamba hajagusa kitu kitamu, harufu ya peremende imeshaingia mlangoni kabla yake.

Kwa hiyo Bi Miadi hakuwa mtu wa kuamini haraka. Aliyemwamini bila kuuliza alikuwa mmoja tu, mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu kwenye ghala la kuhifadhia nyama na samaki. Wenzake walimwita Fundi Barafu, kwa kazi yake na kwa ukimya wake pia. Wiki moja aliingia zamu ya asubuhi, wiki inayofuata zamu ya mchana, na kila aliporudi vidole vyake vilikuwa vya baridi hata ukivishika unashtuka. Mungu alikuwa hajawajalia mtoto, nao walikwisha kuacha kuulizana juu ya hilo. Walikaa wawili tu, nyumba ya ghorofa ya pili, na mwaka huo walikuwa wanatimiza miaka kumi ya ndoa.

Bi Miadi akataka kumpa mumewe kitu kilichotoka mikononi mwake mwenyewe. Akakata shauri kumfumia sweta.

Kufuma alikujua kidogo. Alishafuma skafu mbili na kofia moja, na ile kofia ilikuwa imekaa upande. Lakini sweta aliyoichagua kwenye kitabu cha mitindo ilikuwa habari nyingine kabisa. Kifua kizima kilikuwa misuko, mitano kwa idadi, inapanda na kupishana kama nywele za bibi harusi. Kila baada ya mistari minane ilibidi uondoe vitanzi vitatu kwenye sindano, uvishikilie kando kwa sindano fupi, utangulize vitatu vingine, ndipo uvirudishe vile vya kwanza. Ukivishikilia nyuma badala ya mbele, msuko unapinda upande usio wake, na hugundui mpaka umeshapanda mistari kumi juu yake.

“Hii ni ya watu waliokwisha kulia,” alisema Bibi Uzi, mwenye duka la nyuzi nyuma ya kliniki, alipoonyeshwa picha. “Wewe umelia mara ngapi?”

“Hata mara moja.”

“Basi beba na leso.”

Bi Miadi akanunua uzi wa sufu, kijani ya chupa. Vipimo alivitoa kwenye koti la kazini la mumewe, lile lililotundikwa nyuma ya mlango, mwenyewe akiwa bafuni anaoga. Sweta na sindano akavificha ndani ya sufuria kubwa ya shughuli, ile iliyokaa juu ya kabati la jikoni na mfuniko wake, ambayo haikuteremshwa ila kwa harusi au msiba. Wiki ambazo mumewe yuko zamu ya mchana, alifuma kuanzia saa kumi mpaka mwanga wa dirishani unapokwisha, kwanza mgongo na mkono mmoja, kisha kifua. Kila akimaliza aliandika kwenye kijitabu: mstari wa ishirini na nne, mstari wa arobaini, mstari wa hamsini na sita.

Jambo la kwanza lilitokea siku ya Jumatano. Jioni ya Jumanne, wakati anaikunja sweta, aliona kwamba msuko wa pili umepinda vibaya, mistari kumi na moja chini ya sindano. Alichoka hata hakuweza kukasirika. Akasema moyoni, kesho nitafumua. Kesho yake akateremsha sufuria, akakaa karibu na dirisha, akautafuta ule msuko uliopinda. Hakuuona. Akahesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia. Misuko yote mitano ilikuwa imenyooka.

“Macho yangu yamezeeka,” akajisemea, akaendelea kufuma.

Wiki iliyofuata mumewe alikuwa zamu ya asubuhi na sweta haikusogea, kwa kuwa alikuwa akimkuta nyumbani kila mchana. Wiki iliyofuata hiyo, zamu ikabadilika, na jambo likajirudia. Safari hii lilikuwa tundu, kitanzi kilichoponyoka karibu na ukingo, na alikuwa amelifunga kwa pini ili lisiendelee kushuka. Aliporudi kutoka kazini alikuta pini imechomekwa kwenye bonge la uzi, na tundu halipo.

Bi Miadi akaweka sweta mapajani. Pini haijichomoi yenyewe.

Akaamua kutega mtego. Alhamisi alifuma mpaka mstari wa sabini na moja. Msuko wa katikati akaupindisha kwa makusudi, kwenye ukingo wa kulia akaangusha kitanzi kimoja, akayaandika yote mawili kwenye kijitabu, na kijitabu akakitia kwenye mkoba wake wa kazini. Ijumaa mchana alipanda ngazi mbili mbili. Hata viatu hakuvua.

Msuko ulikuwa umenyooka. Kitanzi kilikuwa kimerudi mahali pake. Alipohesabu mistari, ilikuwa sabini na moja kamili.

Jumamosi asubuhi akaibeba sweta mpaka dukani kwa Bibi Uzi, akamweleza yote tangu mwanzo. Bibi Uzi akavaa miwani, akaigeuza sweta ndani nje, akapitisha ukucha kwenye msuko wa katikati polepole.

“Huyu hakufumua mistari,” akasema. “Ameteremka na vitanzi sita peke yake, vile vya msuko tu, akapanda navyo tena mpaka juu. Mimi mwenyewe nafanya hivi siku ambayo nimelala vizuri na nimeshiba.”

“Kwa hiyo ni fundi.”

“Fundi wa miaka. Tena tazama hapa, vitanzi vyake vimekaa kama vya mashine. Vyako, usinune, vinapumua kama mtu mwenye mafua.” Akavua miwani. “Nani ana ufunguo wa nyumba yako?”

“Mimi, mume wangu, na wifi yangu.”

“Na mambo haya hutokea lini?”

Bi Miadi akafungua kijitabu, ingawa jibu alilijua. “Wiki ambazo mume wangu yuko nyumbani asubuhi.”

Bibi Uzi akairudisha sweta mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. “Mwanangu, mimi nauza nyuzi tu. Lakini angalia usije ukaanza kwa kufuma ukaishia kwa kufumania.”

Neno hilo lilimwingia Bi Miadi kama maji ya barafu. Njiani kurudi nyumbani akamwona huyo mwanamke waziwazi, ingawa hajawahi kumwona. Anakuja saa tatu, yeye akiwa kwenye dirisha lake la kioo anaandika miadi ya watu. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Labda anateremsha sufuria kutafuta chombo, anakuta sweta ya mwenye nyumba, anacheka. Halafu anairekebisha. Hilo ndilo lililomchoma zaidi ya yote. Mtu akuibie mume, na kazi yako akusahihishie!

Hata hivyo hakutaka kumtuhumu mumewe kabla hajamtoa wifi yake kwenye hesabu. Wifi alikuwa msusi, mwenye saluni yake ya viti vitatu. Ufunguo anao, vidole anavyo, na tangu zamani alikuwa na tabia ya kusogeza vitu kwenye nyumba za watu. Jumapili asubuhi Bi Miadi akaenda kusuka.

Alipokwisha kukaa kitini, akatoa kwenye mkoba bonge la uzi na sindano mbili. “Wifi, hebu nionyeshe. Nimeanza kitanzi hiki, kinakataa.”

Wifi akazishika sindano kama mtu aliyepewa nyoka wawili. “Mimi? Mimi hata kifungo kikidondoka nampelekea fundi cherehani. Nipe kichwa cha mtu nitakusuka mpaka ushangae, lakini madude haya sijui hata mdomo wake uko wapi.” Akazirudisha. “Unafuma nini?”

“Sweta. Ya kaka yako. Usimwambie.”

Wifi akagawa nywele kwa kitana. “Sweta,” akasema. “Haya. Ila usimtolee mbele ya watu. Kaka sweta hazipendi.”

“Mtu anayeshinda kwenye barafu asipende sweta?”

“Alishazichoka. Kule.”

“Kule wapi?”

Kitana kikasimama. Kisha nywele zikavutwa kwa nguvu kiasi kwamba nyusi za Bi Miadi zilipanda. “Mgodini, wifi yangu, wapi tena? Kulikuwa na baridi kali kule. Inamisha kichwa.”

Bi Miadi akainamisha kichwa, akatazama vumbi la nywele sakafuni. Mumewe alimweleza tangu wakiwa wachumba kwamba kabla hawajajuana alifanya kazi mgodini miaka mitatu. Na kila aliposimulia, ambayo ni mara chache, alisema neno moja: joto. Joto la kukaangia. Walifanya kazi vifua wazi, jasho likiingia machoni.

Basi kulikuwa na baridi au kulikuwa na joto? Na sweta hizo alizozichoka, nani alikuwa anamfumia?

Kufika nyumbani alikuwa ameshamaliza kuiunga hadithi nzima. Huko mgodini alikuwa na mwanamke, fundi wa kufuma. Pengine alikuwa mke kabisa. Pengine wana watoto. Ukoo mzima unajua, yeye peke yake ndiye hamnazo. Sasa mwanamke amehamia mjini, na wiki za zamu ya mchana anapita kunywa chai.

Siku hiyo mumewe alikuwa nyumbani. Walikula chakula cha mchana wakitazamana juu ya bakuli la mchuzi.

“Hivi kule mgodini,” akasema Bi Miadi, akijifanya anatafuta chumvi, “kulikuwa na baridi?”

“Baridi?” Mumewe akatafuna, akameza. “Joto la kukaangia. Nani kauliza?”

“Nimewaza tu.”

Mumewe akawa anakata mkate vipande vidogo asivyovila. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, “Yule daktari mpya wa kwenu. Ni mtu mrefu?”

“Mrefu kiasi. Kwa nini?”

“Nimewaza tu.”

Bi Miadi akamtazama. Ni mbinu hiyo, akasema moyoni, anataka kunitoa kwenye njia. Wagonjwa walikuwa wakimfanyia hivyo hivyo: ukimwuliza kama amepiga mswaki, anakuuliza kama mvua itanyesha.

Wiki ya zamu ya asubuhi akaiacha ipite, akamwomba daktari mkuu ruhusa ya asubuhi moja, Jumanne ya zamu ya mchana. Nyumbani hakusema kitu. Alivaa sare yake, akachukua mkoba, akaaga kama kawaida. Akaenda kukaa kwenye benchi la kituo cha posta, mahali ambapo hawezi kukutana na jirani, akatazama saa ya ukutani mpaka ikafika tatu na robo.

Mlangoni hakukuta viatu vya mwanamke. Akatia ufunguo kwa kuuzungusha kidogo kidogo, kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe. Redio ilikuwa inaongea chini kwa chini. Jikoni, sufuria ya shughuli ilikuwa imeteremshwa, mfuniko pembeni. Akapita ukumbini akiwa ameshika ukuta, akasukuma mlango wa chumba cha kulala kwa ncha ya kidole.

Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, peke yake, ameelekea dirishani. Sweta ilikuwa magotini. Vidole vyake, vile vinene vya kukazia nati, vilikuwa vinakwenda mbio kwa namna ambayo Bi Miadi hajawahi kuiona, sindano zikigongana kwa sauti ndogo kama ya saa. Hakuwa anatazama mikono. Alikuwa anatazama nje, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Bi Miadi akapigwa na butwaa. Alikuwa amejiandaa kwa mwanamke. Matusi alikuwa nayo tayari, yamepangwa kwa mstari.

“Nani kakufundisha?” akauliza.

Sindano zikaanguka. Mumewe akageuka, na uso wake ukawa wa mtu aliyemulikwa na tochi. Hakusema umerudi mapema, wala hakusema nini kimetokea. Alisema, “Mlango umeufunga?”

“Nimekuuliza, nani kakufundisha kufuma?”

“Ufunge kwanza.”

Akaufunga. Akabaki amesimama, ameuegemea kwa mgongo.

“Sikuwahi kufanya kazi mgodini,” akasema mumewe. “Hata siku moja. Nilikuwa jela.”

Mtu alikuwa anaburuta meza kwenye ghorofa ya juu. Walingoja mpaka meza ikatulia.

“Kwa kosa gani?”

“Wizi. Nilikuwa naanza kazi kwenye ghala jingine, si hili. Tukaiba mabomba ya shaba ya majokofu, mimi na wenzangu wawili. Sikusingiziwa, mke wangu. Niliiba. Nyama yote ya ghala ikaoza, na mlinzi wa zamu akafukuzwa kazi. Mimi nikapata miaka mitatu.”

“Na huku kufuma?”

“Kulikuwa na karakana. Tulifuma sweta za askari. Meza moja watu wanane. Mmoja akikosea kitanzi, meza nzima inafumua, na siku hiyo hakuna kutoka kuota jua. Watu wanane wananyimwa jua kwa kitanzi chako kimoja.” Akatazama mikono yake. “Mwezi wa kwanza walinipiga, wale wa mezani. Baadaye nikawa sikosei tena.”

Bi Miadi hakukaa. Kukaa kungekuwa kama kukubali kitu. “Na hii sweta uliijuaje?”

“Taa ya jikoni iliungua. Nilipanda juu ya kiti kubadilisha balbu, mfuniko wa sufuria ukateleza. Nikaona. Sikutaka kuigusa. Lakini ule msuko wa pili ulikuwa umepinda. Nilikwenda kazini nikarudi, nikalala, kila nikifumba macho nauona umepinda. Asubuhi mkono ukaenda wenyewe.”

“Ukaona mkeo anakufumia sweta, ukanyamaza.”

Mumewe akainua macho. “Inanihusu mimi?”

“Inamhusu nani mwingine?”

Akasimama, akaichukua sweta, akaisimamisha kifuani pake. Mabega yalipita mabega yake kwa kiganja kizima. Mkono mmoja uliokwisha kufumwa ulining’inia chini ya vidole vyake kwa urefu wa sindano. “Hii?” akasema. “Hii ni ya mtu mrefu. Mrefu na kifua kipana.”

Ndipo Bi Miadi akaelewa habari ya daktari. “Nilipima koti lako la kazini!”

“Lile la kuingilia kwenye barafu? Lile huvaliwa juu ya makoti mengine mawili.”

Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakimeza. Haikuwa saa yake. “Kwa hiyo wiki zote hizi ulidhani ninamfumia mwanamume mwingine.”

“Ndiyo.”

“Na bado ukawa unaninyooshea misuko?”

Mumewe akaikunja sweta, akaiweka kitandani, akaulaza ule mkono mmoja vizuri. “Nilisema, kama anampa mtu, basi ampe kitu kizuri. Sikutaka huyo mtu akuone hujui.”

Bi Miadi akasogea kitandani. Akachukua sweta, akachukua sindano, akavitia kwenye mkoba wake wa kazini, akatoka. Saa nne kamili alikuwa nyuma ya dirisha lake la kioo. Mgonjwa wa kwanza alimwambia jino limeanza kumuuma jana, naye akaandika hivyo hivyo, jana.

Kilichomuuma hakikuwa jela. Hilo alilijua kufikia jioni. Kilichomuuma ni miaka kumi ya joto la kukaangia. Wifi anajua. Marehemu mama mkwe alijua. Pengine hata majirani wa zamani wanajua. Yeye, ambaye kazi yake ni kumtambua mwongo kabla hajafika kwenye kiti cha daktari, alilala na uongo huo kitanda kimoja, akaufulia nguo, akaupikia.

Kwa siku tisa waliongea mambo ya lazima tu. Gesi imekwisha. Fundi bomba kapita. Mumewe hakubembeleza, wala hakununa. Alikuwa kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Siku ya kumi Bi Miadi alikwenda saluni. Safari hii hakukaa kwenye kiti. Alimngoja wifi amalize kichwa alichokuwa nacho, wakaingia chumba cha nyuma, kwenye taulo na makopo ya mafuta.

“Nimeshajua,” akamwambia. “Ila nataka kusikia kwako. Miaka mingapi, kwa kosa gani, na wenzake walikuwa wangapi. Usinidanganye, kwa sababu majibu yake ninayo.”

Wifi alilia kidogo, kisha akasema. Miaka mitatu. Mabomba ya shaba. Wenzake wawili. Kila kitu kikalingana. Bi Miadi alikuwa ameshika mkoba tayari kuondoka wakati wifi alipoongeza jambo ambalo hakuulizwa.

“Mama alikwenda, unajua. Mara moja. Tulikwenda naye mpaka getini. Tukakaa kwenye foleni tangu asubuhi, na zamu yetu ilipofika, mama akasema hawezi. Akageuka. Akaniapisha nisimwambie kaka, kwa sababu kuambiwa mtu amefika getini akarudi ni kubaya kuliko kuambiwa hakuja.”

Bi Miadi alitembea na neno hilo mpaka nyumbani. Jumapili hiyo, baada ya chakula, aliitoa sweta, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua. Mumewe alikuwa mlangoni, akatazama mwezi na nusu wa kazi ukigeuka uzi uliojikunja. Alipofika chini kabisa, Bi Miadi akachukua futi ya utepe.

“Njoo hapa. Simama. Nyoosha mikono.”

Akamzungushia utepe kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile. Akaandika, akashuka kiunoni, na huku anapima akawa anauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza wagonjwa.

“Yule mlinzi aliyefukuzwa, ulimtafuta?”

“Nilimtafuta nilipotoka. Alikuwa ameshahama. Sikumpata.”

“Ulitafuta kweli, au uliuliza kwa mtu mmoja ukaacha?”

Akafikiri. “Kwa watu wawili.”

“Geuka.” Akapima mgongo. “Kwa nini hukuniambia?”

“Mwanzo niliogopa utaniacha. Baadaye niliogopa utauliza kwa nini sikukuambia mwanzo.”

Hilo aliliandika moyoni, si kwenye kijitabu. Akapima mkono, kutoka begani mpaka kifundoni. “Nani alikuwa anakuja kukutazama kule?”

“Dada. Kila alipoweza.”

“Na mama?”

“Mama hakuja hata siku moja.” Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. “Alikuwa na haki yake.”

Bi Miadi alikuwa na utepe mkononi na siri ya watu mdomoni. Alijua kwamba ameikuta, hakuitafuta, na kwamba marehemu alimwapisha wifi asiiseme. Lakini alikuwa amechoshwa na nyumba yenye vitu juu ya makabati.

“Alikuja,” akasema. “Mara moja. Walikaa kwenye foleni asubuhi nzima, yeye na dada yako. Alipofika getini akashindwa, akarudi.”

Mumewe hakushusha mikono. Alibaki ameinyoosha, kama bado anapimwa.

“Nani kakuambia?”

“Dada yako. Juzi.”

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi kumwita mtu asiyetoka. “Alivaa nini?” akauliza mwishowe.

“Nini?”

“Siku hiyo. Mama alivaa nini?”

“Sikuuliza.”

“Niulizie.”

Bi Miadi akachukua simu, akampigia wifi hapo hapo. Wifi akashtuka, akalalamika, kisha akakumbuka: gauni la zambarau, na viatu vya kuazima kwa jirani, vilivyombana hata akavivua kwenye foleni, akavishika mkononi. Bi Miadi alirudia neno kwa neno. Kwenye viatu mumewe akacheka, sauti moja fupi, halafu akakaa sakafuni kwenye lile lundo la uzi wa kijani, akafunika uso. Bi Miadi akakaa karibu naye. Hakumshika, lakini hakuondoka.

Sweta ilikwisha wiki nyingi baada ya siku ya ndoa yao kupita. Aliifuma mwenyewe tangu ukingo mpaka shingo, na mumewe alikatazwa kuigusa. Ruhusa aliyopewa ni kukaa kiti cha pili na kusema pale anapoona kosa. Alisema mara nyingi kuliko Bi Miadi alivyopenda, na mara mbili aliambiwa aende akaangalie kama chai imechemka. Ilipokamilika ilimkaa vizuri, akaivaa kazini, na wenzake walipomwuliza nani kaifuma, alisema mke wangu, bila kuongeza.

Kuamini kulirudi taratibu, na hakukurudi kote. Bi Miadi bado humwuliza mumewe swali lile lile kwa siku mbili tofauti, kisha hulinganisha majibu. Mumewe anajua kwamba anafanyiwa hivyo. Hujibu mara zote mbili.